Mkalimani wa Kujipachika

Jumatatu, 6 Mei

Simu imenikuta chali chini ya kochi la mteja, misumari mdomoni. Mwenyekiti. Nikajibu kwa pua. Akasema niache kuguna nisikilize, jambo lenyewe halisubiri.

Mwenyekiti si mwenyekiti wa kitu chochote. Tulimpa jina hilo shuleni, maana wakikutana watu watatu tu yeye hufungua kikao. Leo ana duka la majokofu. Mwaka jana aliuza majokofu kuliko wenzake wote, na kampuni inayoyatengeneza imemzawadia likizo ng'ambo, watu wanne, gharama zote juu yao. Alipanga kwenda na mumewe na mabinti zao wawili. Mabinti wamepangiwa mitihani wiki hiyo hiyo. Mume, baada ya kufikiri sana, amegundua kwamba anaogopa ndege. Safari ni Alhamisi. Wasipopatikana watu wanne, zawadi imeota mbawa. Ndipo akatukumbuka sisi wa darasa moja, ambao pasi zetu zimelala kabatini tangu mwaka juzi, tulipopanga safari ikafia mezani.

Nikauliza sisi ni akina nani. Akasema yeye, mimi, Mrefu na Nesi.

Nikatema misumari.

Nesi alikaa dawati la mbele yangu. Sasa yuko wodi ya wazazi, na ana cheko la kuamsha watoto wote aliowapokea usiku huo. Mumewe alifariki zamani kidogo. Tangu alipotoka kwenye huzuni nimekuwa nikitafuta siku nzuri ya kumwambia neno. Siku nzuri haipatikani. Mara mvua, mara yuko zamu, mara koo langu linakauka.

Mrefu anapima macho na kuuza miwani. Ni mtu wa taratibu. Ukimuuliza kitu husafisha miwani yake kwanza, ndipo ajibu. Na yeye yuko peke yake. Nikauliza kama amekubali kwenda. Siri ikamponyoka Mwenyekiti: amekubali haraka kuliko wote, amenunua koti jipya, na ana jambo anataka kumwambia Nesi huko huko.

Mwenyekiti akaendelea kulalamika kuwa mji wenyewe ni mdogo, watu wake wanazungumza lugha yao tu, na yeye Kiingereza chake ni cha kuombea maji na huko hata hicho hawakijui. Nani atatusaidia?

Nikasikia sauti ya mtu ikisema, "Lugha hiyo mimi naijua."

Ilikuwa sauti yangu.

Jumatano, 8 Mei

Nimepakua programu ya kufundisha lugha kwenye simu. Majina ya lugha yalikuwa mengi, maandishi madogo kama chawa. Mawili yalifanana. Nikabonyeza la juu.

Nimejifunza siku mbili mfululizo huku nikishona. Mteja mmoja ameuliza kama naumwa. Hadi jioni nimeshika haya: Habari za asubuhi. Asante sana. Mwavuli uko wapi. Shangazi yangu ana farasi mweupe. Hiyo ya farasi inatoka vizuri kuliko zote, inateleza yenyewe.

Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye sauti, ameuliza nitafanya nini nikiulizwa jambo lisilohusu farasi. Nimemwambia lugha ni kujiamini. Akanikunjia sweta tatu, akaondoka akitikisa kichwa.

Mpango ni huu. Nesi hatafika popote bila mimi. Atauliza njia kupitia kwangu, atakula kupitia kwangu, atacheka kupitia kwangu. Mrefu atabaki bubu na koti lake.

Ijumaa, 10 Mei

Tumefika. Mvua, baridi, mji mdogo kando ya ziwa. Watu huja hapa kujilowesha kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe. Kwenye ndege nilibadilishana viti na mtu ili nikae na Nesi. Kumbe Nesi naye alikuwa amebadilishana na Mwenyekiti ili akae dirishani. Nimesafiri bara zima nikisikiliza tofauti ya friza na jokofu la kawaida.

Hoteli ni safi. Makochi ya ukumbini yamejazwa vizuri, ila mshono wa nyuma ni aibu. Mapokezi alikaa mama mmoja mwenye penseli kwenye nywele. Wenzangu watatu wakasogea pembeni, wakanipisha.

Nikamsalimu. Akanitazama. Nikamshukuru. Akaendelea kunitazama. Nikaona hapa bila kujikaza nimekwisha, nikamwambia kuhusu farasi wa shangazi, halafu nikauliza mwavuli.

Akachomoa penseli, akairudisha. Kisha akatukabidhi funguo nne na mwavuli.

Mwenyekiti amepiga makofi. Mrefu amesafisha miwani akasema hakujua kama nina kipaji hicho. Nesi amenitazama kutoka chini hadi juu, akasema, "Sponji. Kumbe."

Sponji ndilo jina langu kwao, kwa sababu ya kazi. Maneno mawili tu, lakini nimepanda nayo ngazi zote nikiwa mwepesi kama mto wa manyoya.

Jumamosi, 11 Mei

Leo nimepanga kumwondoa Mrefu njiani kwa ustaarabu.

Tumekwenda kwenye jumba la maji ya moto. Ukutani kuna bango kubwa lenye huduma zote na namba za milango. Nikalisoma polepole, mikono nyuma, nikiguna panapostahili. Nikamwambia Mrefu kwamba mlango wa mwisho kabisa, kule kizani, ni chumba cha wanaume cha kahawa na magazeti, aende akapumzike, safari ilikuwa ndefu. Akanishukuru. Akaenda. Mtu hana ubaya, ndiyo shida yake.

Wanawake nikawapeleka kwenye bwawa. Hilo lilionekana kwa macho, halikuhitaji mkalimani. Nikamwambia Nesi kwamba mimi ningeanza na chumba cha jirani, maana bango linasema maji yake ni ya vuguvugu na hulainisha sauti. Nilitaka sauti laini ya kuzungumza naye baadaye.

Sitaandika mengi. Maji yale yalikuwa ya barafu. Nilitumbukia mzima mzima. Sauti iliyonitoka haikuwa laini. Mhudumu alikuja mbio na taulo, akaninyooshea kidole picha iliyobandikwa mlangoni: mtu wa buluu anayetetemeka. Picha kubwa tu. Nilikuwa nimeitazama, nikadhani ni nembo.

Nikajifunga taulo, nikakaa karibu na bwawa nikigonga meno. Nesi alikuwa akiniuliza kama sauti imelainika, mara mlango wa mwisho ukafunguka.

Akatoka Mrefu. Hawakumpa kahawa. Walimpaka tope la moto mwili mzima, wakamfunga mablanketi, wakamwacha aive, kisha mwanamke mmoja mwenye mikono kama ya mwokaji mikate akamkanda mgongo. Mgongo huo ulikuwa umepinda miaka kwa kuinamia macho ya watu. Sasa umenyooka. Tulijua ni mrefu, lakini hatukujua kwamba sehemu yake alikuwa ameikunja. Uso unang'aa. Amesahau hata miwani, anatabasamu ovyo.

Nesi amesema anafanana na yule kijana wa shuleni aliyekuwa akiruka juu uwanjani kuliko wote.

Mrefu amenishika bega. Amesema alijua mimi ndiye niliyemfanyia mpango huo kimya kimya, na hatasahau.

Nilale.

Jumapili, 12 Mei

Mkahawani. Nimeagiza samaki kwa meza nzima, kwa sauti ya kujiamini, nikionyesha mistari minne kwenye karatasi ya vyakula. Wameleta majagi manne ya maziwa ya moto.

Nimewaeleza kwamba huku hawali samaki kabla ya kupasha tumbo. Mwenyekiti amekunywa jagi lake lote kwa kuheshimu wenyeji. Nesi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa, nadhani ni mafua.

Samaki hawakuja. Tukangoja. Mrefu akasafisha miwani, akachukua karatasi ya kufutia mikono, akaomba kalamu kwa ishara, akachora samaki. Mhudumu akacheka, akakimbia jikoni. Samaki wanne wakaja na ndimu juu.

Nesi ameikunja ile karatasi, ameiweka kwenye pochi yake. Nimeiona kwa macho yangu. Mchoro wenyewe mbaya. Mapezi hayalingani, na jicho liko shavuni.

Baada ya chakula Mrefu na Nesi wamekwenda kutembea kando ya ziwa. Nikataka kuwafuata ili niwatafsirie mabango. Mwenyekiti akanivuta shati, akasema nikae chini nimweleze kochi lake la sebuleni linalia kwa nini. Nimemweleza kwa ufupi. Amenirudisha mwanzo. Waliporudi, Nesi alikuwa mtulivu kuliko kawaida yake, na Mrefu alikuwa akisafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Mambo yanakwenda kasi. Kesho ni kesho. Nimeona tangazo hotelini lenye picha ya mashua, saa na namba ya basi. Mpango: mimi na Nesi, mashua, ziwa, neno. Wale wawili nimewaambia tutakutana gatini, ila nimewatajia saa ya mbele kidogo. Si uongo mkubwa. Ni uongo wa dakika.

Jumatatu, 13 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianze na basi.

Lilisimama kwenye kituo cha mbele ya hoteli, na mbele kulikuwa na maandishi. Nikakunja macho, nikaona herufi ya kwanza ni ileile ya ziwa, nikamwambia Nesi tupande. Ndani walijaa watu waliovaa nguo nyeusi zilizopigwa pasi, wengine wameshika maua. Dereva hakutaka tiketi. Nesi akaninong'oneza mbona wamependeza hivi. Nikamwambia wenyeji wa hapa wanaheshimu sana mashua.

Tukalipita ziwa. Nesi akalitazama likirudi nyuma dirishani, akanitazama mimi. Nikasema tunazunguka.

Basi likasimama makaburini.

Nilitaka turudi kwa miguu. Lakini mzee mmoja alikuwa ameshanikamata mkono kwa mikono yake miwili, ana machozi, ananiambia mambo mengi. Huwezi kumnyang'anya mtu mkono wako wakati kama huo. Tukaenda nao. Tukasimama nao kwenye mvua. Mwavuli wetu ukaenda kumfunika bibi mmoja mdogo kwa umbo, mjane wa marehemu, na Nesi ndiye aliyeushika hadi mwisho. Kisha tukapandishwa basi tena, tukapelekwa nyumbani kwao kunywa chai.

Nyumba ilijaa. Sebule ya kawaida: kabati la vyombo, saa ya ukutani, picha ya marehemu mezani, amesimama kando ya farasi wa kahawia. Watu walituketisha mbele. Walikuwa wakituuliza maswali, nami nikiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Inaonekana katika kuitikia nilikubali jambo. Maana ghafla chumba kikanyamaza, mzee yule akanisimamisha, na wote wakanigeukia. Walitaka niseme neno juu ya marehemu.

Nilitazama mlango. Ulikuwa mbali, na mbele yake kuna shangazi watatu.

Nikawaambia habari za asubuhi. Ilikuwa mchana. Nikawashukuru sana. Wakaendelea kusubiri. Nikaitazama ile picha, jasho likinitoka ndani ya sweta zote tatu, na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniuliza chochote, ukasema kwamba shangazi yangu ana farasi mweupe.

Kisha yule bibi mjane akatoa sauti ndogo, nikadhani nimemuua. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika meza. Mwanawe akaanza, shangazi watatu wakafuata, mwishowe sebule nzima inafuta machozi, na mimi nimesimama katikati nimeshika kikombe.

Mjukuu wake, binti anayesoma chuo, akaja kwetu. Anajua Kiingereza, kile cha kweli. Akamwambia Nesi taratibu, na Nesi akanieleza neno kwa neno, bila kunionea huruma. Nimezungumza lugha ya nchi jirani. Marehemu aliizunguka nchi hiyo ujana wake akiuza farasi, na kila akirudi alikuwa akimtania mkewe kwa lugha hiyo kwa matamshi mabaya kama yangu. Bibi hajacheka tangu siku alipougua mumewe. Wanauliza tulimfahamu vipi.

Nesi akamjibu kwamba hatukumfahamu. Akasema tulipotea njia, na tunasikitika, na tunashukuru kwa chai. Binti akawatafsiria. Watu wakatuongezea chai.

Sikuwa na pa kuweka uso. Nikatazama chini, nikaona kiti cha bibi. Kiti kizuri cha zamani, mbao ngumu, lakini kamba zilizoshika kalio zimekatika, na bibi amezama humo kama yuko kisimani. Mjane hawezi kupokea wageni akiwa amezama. Nikamwomba kwa ishara asimame. Nikakigeuza juu chini. Sindano kubwa na uzi huwa haviniachi mfukoni, hata ng'ambo. Mzee akaniletea nyundo na mkanda wa ngozi, nadhani ulikuwa wa farasi. Nikakaa sakafuni kati ya miguu ya watu, nikafanya kazi. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Nilipokirudisha, bibi alikaa, akapanda juu kwa ghafla, akapapasa mikono ya kiti, akanishika shavu.

Nilipoinua macho, Nesi alikuwa ananitazama. Si kama siku ile ya mapokezi. Vingine.

Mjukuu alitusindikiza kituoni. Mvua ilikuwa imepungua. Tukakaa kwenye benchi, tukingoja basi la kweli.

Nesi akasema, "Sponji, lugha ile hukuijua kabisa?"

Nikasema sikuijua hata kidogo.

"Nilijua tangu yale majagi ya maziwa," akasema. "Nilikuwa najiuma nisicheke."

Kisha akaniambia kwamba jana kando ya ziwa Mrefu alimwomba waoane. Yeye akaomba siku moja ya kufikiri. Leo alikubali kuja nami, ingawa alikuwa ameliona lile tangazo la mashua na alijua saa niliyowatajia wenzetu si yenyewe. Alitaka kuona kama nina neno la kumwambia. Kama ninalo, niseme hapa hapa, kwa Kiswahili.

Siku haikuwa nzuri, lakini nikasema. Nikamwambia tangu lini, na kwa nini sikusema, na kwamba uongo wote wa wiki hii ulikuwa wa kutafuta njia ya kufika kwenye benchi kama hili. Neno lenyewe ni fupi kuliko nilivyodhani. Lilitoka, likaisha, na basi bado halijaja.

Nesi hakucheka. Aliniwekea mkono juu ya wangu. "Nikiwa na wewe nacheka sana," akasema. "Lakini nikirudi chumbani nakaa kutafsiri upya kila ulichoniambia, nijue kipi ni kipi. Kazini nasikiliza watu wanalia siku nzima, nahangaika kujua wapi panauma. Nyumbani nataka mtu akisema maji, yawe maji."

Nikamuuliza kama angenijibu vingine, iwapo ningekuwa siku zote kama nilivyokuwa pale sakafuni.

Akafikiri. Nesi hadanganyi wagonjwa. "Labda," akasema. "Lakini ungekuwa mtu mwingine, na huyu ningemkosa."

Basi likaja. Tulikaa kiti kimoja. Njiani alinikumbusha nilivyosimama na kikombe, akaanza kucheka, nami nikaanza, na dereva akatutazama kwenye kioo. Nilikuwa na huzuni, nakiri. Lakini ni vigumu kuwa na huzuni ya maana ukiwa umebanwa mbavu na kicheko.

Gatini, Mwenyekiti na Mrefu walikuwa wamesimama kwenye mvua muda wote, chini ya koti jipya la Mrefu, wakiwa wamelishika kila mmoja upande wake. Nesi akashuka, akaenda moja kwa moja kwa Mrefu, akamwambia ndiyo. Akamwambia hivyo tu, bila maelezo. Mrefu akatoa miwani aisafishe. Ikamponyoka ikaanguka ziwani.

Jumanne, 14 Mei

Kikao wakati wa chai ya asubuhi. Mwenyekiti amekifungua rasmi. Ajenda moja: mkalimani. Hoja ya kumvua cheo imepita kwa kura tatu. Mimi sikupiga kura. Mwenyekiti ameongeza karipio juu ya viatu vyake vilivyolowa, nami nimelipokea kwa unyenyekevu, nikapewa adhabu ya kumtengenezea kochi la sebuleni.

Baadaye Mrefu amebisha mlango wangu. Hana miwani, amekosea milango miwili kabla ya wangu. Nilijiandaa kwa maneno makali. Ameketi kitandani, akatafuta miwani ya kusafisha, hakuiona, akasafisha kidole gumba. Amesema Nesi amemweleza yote, ya benchini pia. Hana kinyongo. Angekuwa yeye, asingethubutu hata kusimama mbele ya wale watu. Kisha ameniomba nisimame naye siku ya harusi, niwe mshenga na mpambe na chochote kingine kinachohitajika, maana rafiki mwingine wa kumtegemea hana.

Nimekubali.

Alipofika mlangoni amegeuka. Amesema turudipo nipite dukani kwake anipime macho. Mtu anayesoma basi la mazishi akaona ziwa, lugha si tatizo lake la kwanza.

Jumatano, 15 Mei

Yule mjukuu amekuja hotelini kunitafuta. Bibi anauliza kama fundi anaweza kutazama na vile viti vingine. Wenzangu wamekwenda kwenye mashua, ya kweli. Mimi nimeshinda sebuleni kwa bibi, viti sita na kochi moja. Alinisimulia mambo siku nzima kwa lugha yake, nami nikamsimulia yangu kwa Kiswahili: habari za Nesi, za benchi, za kila kitu. Hakuna aliyemwelewa mwenzake, na sikumbuki mazungumzo yaliyonituliza zaidi ya hayo. Wakati wa kuondoka alinishika mkono, akasema ile sentensi ya farasi, kwa matamshi mabaya kuliko yangu.

Nimeapa njiani. Kuanzia leo sitasema najua kitu ambacho sikijui. Nimeapa kwa sauti, mbwa mmoja ni shahidi.

Jumapili, 26 Mei

Kikao cha harusi, dukani kwa Mwenyekiti, katikati ya majokofu. Nimevaa miwani mipya. Dunia ina kona nyingi kuliko nilivyofikiri. Nesi na Mrefu wamekaa pamoja, mgongo wa Mrefu bado umenyooka. Mimi nimewatazama nikaona moyo umetulia, unauma kidogo tu pembeni, kama mshono mpya.

Kila mtu akapewa kazi. Tukafika kwenye keki. Mpishi wa keki ni mama mmoja ambaye sikuwahi kumwona kabla. Ana unga kwenye kiwiko, sauti ya chini, na tabia ya kukutazama machoni akimaliza kusema. Mume hana, hilo nimelipata kwa Mwenyekiti bila kuuliza, au kwa kuuliza kidogo. Akaeleza kwamba keki itakuwa ya ngazi tano, ataibeba kwa gari lake dogo la mizigo, lakini yeye lazima akae nyuma kuishikilia. Dereva wake amevunjika mguu. Je, kuna mtu hapa anayejua kuendesha gari, tena kwa utulivu, ambaye angekuwa naye siku nzima?

Nesi alikuwa ananitazama. Mrefu alikuwa anasafisha miwani. Dada yangu, ambaye nilimleta asaidie mambo ya mapambo, alinikanyaga mguu chini ya meza, tena kwa kisigino.

Mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

Mama wa keki akatabasamu, akasema basi amepona, tuonane Jumamosi asubuhi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, magari nimezaliwa nayo.

Njia nzima kurudi nyumbani Dada alitembea mbele yangu. Mlangoni ndipo akaniuliza, hivi huko ng'ambo nilijifunza nini hasa. Nikamwambia mengi, mengi sana, nitamsimulia tukipata nafasi. Kisha nikamuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, breki ya gari ni ile pedali ya kushoto au ya kulia.

Amesema ni ya katikati.

Kumbe ziko tatu.